Kibati cha ADR hakipo: XT500 ya 1978 na RM250 ya 1979 zitaingiaje barabarani Victoria?

VumbiLaGippsland:

Habari zenu wakuu. Nina pikipiki mbili za zamani hapa Victoria, na zote hazina kibati cha ADR, kile cha alumini kinachothibitisha kuwa pikipiki iliundwa kwa kanuni za Australia. Ya kwanza ni Yamaha XT500 ya 1978. Namba ya fremu inaanza na 1E6 na inasomeka vizuri, na kwenye shingo ya fremu yapo matundu mawili ya ribiti yaliyo wazi. Ya pili ni Suzuki RM250 ya 1979. Hiyo haina matundu, haina taa, haina hata waya wa taa. Zote zilikaa bandani shambani miaka mingi, na nimepewa risiti ya mauzo tu.

Nataka XT500 itembee kwenye lami na kwenye njia za msituni. RM250 nitaibeba kwa trela mpaka msituni. Je, kibati kinaweza kupatikana upya? Nianze na karatasi au na spana? Nimeona pia mtandaoni watu wanauza vibati vilivyobanduliwa kwenye fremu zilizokufa. Hivyo vinafaa?

---

KaratasiKwanza:

Nianze na hilo la mwisho. Usinunue kibati cha fremu nyingine. Kile kibati kina jina la mtengenezaji, modeli, mwezi na mwaka, na namba ya fremu ambayo kilitengenezewa. Ukikipigilia kwenye fremu yako umeghushi utambulisho wa chombo, na mkaguzi analigundua mara moja kwa kulinganisha namba mbili zilizo sentimita chache kutoka moja hadi nyingine. Hapo pikipiki ambayo ilikuwa na tatizo dogo la karatasi inakuwa inashukiwa kuwa ya wizi.

Sasa zitenganishe hizo mbili. XT500 iliuzwa Australia kama pikipiki ya barabarani, kwa hiyo matundu yale mawili yanaeleweka: kibati kilikuwepo, kimeng'oka au kimeng'olewa wakati wa kupaka rangi. RM250 ni ya mashindano ya motokrosi. Hakuna aliyewahi kuithibitisha kwa barabara, kwa hiyo hakuna kibati cha kutafuta. Ukienda kaunta ya usajili ukaziombea kitu kimoja zote mbili, utapoteza muda wako na wa karani.

Historia kidogo, maana ndiyo inayowachanganya watu. Pikipiki zilianza kufungwa kanuni za ADR na kupewa vibati katikati ya miaka ya 1970. Ya kabla ya hapo haidaiwi kibati kabisa. Baadaye vibati vikawekwa chini ya Sheria ya Viwango vya Magari ya 1989, na tangu tarehe 1 Julai 2021 inatumika sheria mpya ya 2018, ambayo imeweka daftari la mtandaoni liitwalo RAV mahali pa kibati. Kwa hiyo mtu akikwambia atafute pikipiki yako kwenye RAV, mweleze kwa upole kwamba ya 1978 haimo humo na haitarajiwi kuwemo. Pia haina VIN, ile namba ya utambulisho ya tarakimu na herufi 17. Utambulisho wake ni namba ya fremu iliyogongwa kwenye chuma, basi.

Kwa XT500 fanya hivi. Safisha shingo ya fremu kwa brashi laini na mafuta ya taa. Usitumie msasa wala diski ya kusagia, maana mikwaruzo karibu na namba inaonekana kama jaribio la kuifuta. Piga picha ya namba ya fremu, ya namba ya injini, na ya matundu ya ribiti, kwa mwanga wa pembeni ili kivuli kiingie kwenye maandishi. Kisha tafuta namba hiyo kwenye PPSR, daftari la serikali la madeni juu ya mali, ada yake ni dola 2. Chagua utafutaji kwa namba ya chesisi, si kwa VIN, la sivyo mfumo utaikataa kwa kuwa ni fupi. Utaona kama kuna deni juu yake, kama imeripotiwa kuibwa, au kama iliwahi kuandikwa kuwa imeharibika. Ikiwa iliandikwa kuharibika kwa daraja la kutorudi barabarani, ishia hapo hapo, hiyo ni ya vipuri tu.

Baada ya hapo muombe mwakilishi wa mtengenezaji hapa Australia barua. Peleka picha na uulize swali moja lililo wazi: je, fremu yenye namba hii ililetwa na kuthibitishwa kwa kanuni za ADR ilipouzwa mpya? Barua hiyo ndiyo inayosimama badala ya kibati. Hawakutengenezei kibati kipya, na wewe usikitengeneze. Wasipokuwa na kumbukumbu, njia inayobaki ni mhandisi aliyeidhinishwa na mpango wa VASS, ambaye atakagua pikipiki na kuandika cheti. Hiyo ni ghali zaidi, kwa hiyo mtafute kabla hujaanza kufungua boliti, akwambie anataka kuona nini.

Ushahidi wowote wa usajili wa zamani una thamani. Tafuta namba ya zamani iliyofungwa chini ya madigadi, kishikizo cha stika ya usajili, kitabu cha matengenezo, risiti ya duka. Risiti yako ya mauzo iwe na jina na anwani ya muuzaji, tarehe, bei, namba ya fremu na namba ya injini. Kama haina namba hizo, rudi kwa muuzaji leo, kabla hajahama.

---

SpanaKumiNaMbili:

KaratasiKwanza amemaliza upande wa karatasi. Naongeza kitu kimoja kwenye utambulisho kabla ya spana: Yamaha za miaka hiyo zilitoka kiwandani namba ya fremu na namba ya injini zikiwa sawa. Kama zako zinatofautiana, injini imebadilishwa. Si dhambi. Injini za XT500, TT500 na SR500 ni za ukoo mmoja na watu wamezihamisha sana. Lakini itajwe hivyo kwenye fomu, usimwachie mkaguzi aigundue mwenyewe.

Sasa ukaguzi. Victoria utahitaji cheti cha ubora wa barabarani, RWC, kutoka kwa mkaguzi mwenye leseni ya kukagua pikipiki. Wa magari peke yake hafai, uliza kwenye simu. Cheti kina maisha ya siku 30, kwa hiyo usikichukue kabla barua ya mtengenezaji haijafika. Hili linawaumiza wengi: wanaanza na RWC, karatasi zinachelewa, cheti kinakufa, wanalipa mara ya pili.

Kinachoangusha XT500 mara nyingi si injini, ni umeme. Ni mfumo wa volti 6, na kiwashio chake ni cha magneto, kinachojitengenezea umeme chenyewe, kwa hiyo pikipiki inawaka na kwenda vizuri hata betri ikiwa imekufa. Mwenyewe anadhani umeme ni mzima. Kumbe honi, indiketa na taa ya breki vinategemea betri ile ile. Ipime hivi: injini ikiwa katika mzunguko wa chini, washa indiketa, kanyaga breki, bonyeza honi kwa pamoja. Taa ya breki ikififia au indiketa zikisimama, tatizo ni betri, au ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia fremu. Na kwa fremu iliyopakwa rangi upya, karibu kila mara ni ethi. Rangi ya unga, ile inayopulizwa ikiwa poda kisha ikaokwa, haipitishi umeme. Kwaruza rangi mpaka chuma kionekane pale ethi kuu inapofungwa, pale koili inapokaa, na kwenye bano la taa ya nyuma, halafu paka grisi juu ya kiungo. Mimi ningevuta waya wa ethi wa peke yake kutoka taa ya nyuma mpaka hasi ya betri, kwa sababu taa ile inakaa juu ya madigadi na ethi ya kupitia boliti haidumu kwenye mtikisiko.

Indiketa ziwake kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Flasha ya zamani inahesabu mkondo wa balbu, hivyo ukiweka LED bila kubadilisha flasha zitawaka haraka mno au hazitawaka kabisa. Weka flasha ya kielektroniki ya volti 6, zinauzwa. Angalia pia maandishi ya balbu: balbu ya volti 12 kwenye mfumo wa 6 inawaka kama kaa la moto, na mkaguzi ataikataa.

Swichi ya taa ya breki inatakiwa mbele na nyuma kama zilivyotoka kiwandani. Ya mbele, ndani ya mkono wa breki, huwa imeshika kutu. Ya nyuma ni springi tu: irekebishe taa iwake kabla breki haijaanza kukamata.

Tairi. Soma ubavuni. Zikiandikwa NHS, yaani si za barabara kuu, zinaanguka hata kama ni mpya. Tafuta zenye alama ya kuidhinishwa kwa barabara, DOT au herufi E ndani ya duara, inchi 21 mbele na inchi 18 nyuma, kina cha meno kisipungue milimita 1.5. Angalia pia umri. Tairi ya bandani ina meno marefu na nyufa ubavuni, na nyufa ndizo zinazoiangusha.

Breki za drami: funga mkono wa breki kwa nguvu kisha tazama pembe kati ya fimbo na mkono wa kemu, ile inayosukuma breki shuu zifunguke. Ikipita nyuzi 90, breki shuu zimekwisha au drami imepanuka, na nguvu inapotea hata ukivuta namna gani. Watu hupenda kuuhamisha ule mkono jino moja kwenye kemu ili kupata nafasi. Usifanye hivyo. Kemu inaweza kupinduka na gurudumu likajifunga.

Mengine kwa haraka: bushi za mkono wa nyuma zisicheze pembeni, beringi za shingo zisiwe na kituo katikati, spoki zote zilie sauti moja ukizigonga, sili za foku zisivuje, kinga ya mnyororo iwepo, kiakisi chekundu nyuma, taa ya kumulika namba, vioo, spidomita inayofanya kazi. Wengi wametupa spidomita ya XT. Ukinunua, nunua pamoja na giya ya kwenye habu na kebo, kwa sababu habu za mbele zilibadilika kati ya miaka na giya ya mwaka mwingine haishiki.

---

MlioWaThampa:

Na sauti, wakuu. Pikipiki iliyoundwa kabla ya Machi 1985 kikomo chake ni desibeli 100, ya baada ya hapo ni 94. Kipimo kinafanywa imesimama, kipaza sauti kikiwa nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi kwa pembe ya nyuzi 45, injini ikishikiliwa kwenye nusu ya mzunguko wa nguvu ya juu kabisa, kama mzunguko huo unazidi 5000. Sailensa za wazi zilizowekwa kwenye XT na TT miaka ya themanini hazipiti. Ya kwake ya asili, ikiwa na vizuizi vyake vya ndani, inapita bila shida. Toa mfuniko wa nyuma uone kama kuna aliyevikata kwa ndani, kwa nje huwezi kujua.

---

TrelaNaMsitu:

Ndugu VumbiLaGippsland, mimi ningesajili zote mbili kwa usajili wa burudani, ule wa Victoria wa pikipiki za nje ya lami. Hudaiwi kibati, vifaa vinavyotakiwa ni vichache, ada ni ndogo, na bima ya majeruhi ya TAC, shirika la serikali la fidia za ajali barabarani, imo ndani. Kwa RM250 hiyo ndiyo njia hasa. Kumbuka tu kwamba barabara za misitu ya serikali ni barabara za umma: pikipiki lazima iwe imesajiliwa na wewe lazima uwe na leseni ya pikipiki. Hiyo nadharia ya "msituni hakuna polisi" iacheni, doria zipo.

Na kabla hujapanga safari za High Country, ile milima ya Victoria, angalia ratiba ya kufungwa kwa njia. Nyingi hufungwa kuanzia katikati ya Juni mpaka karibu na Novemba kwa ajili ya matope.

---

KaratasiKwanza:

TrelaNaMsitu, kwa RM250 tuko pamoja. Kwa XT500 hapana, maana mwenzetu amesema anataka lami. Usajili wa burudani haumruhusu kwenye barabara kuu wala mitaa ya mjini. Akitoka msituni akapita kijijini kununua petroli tayari yuko nje ya masharti, na akigongwa hapo maswali ya fidia yatakuwa mazito.

Kwa XT500 linganisha usajili kamili na kibali cha klabu. Kibali hiki ni cha vyombo vilivyozidi miaka 25 tangu kuundwa, na chako kimepita mbali. Unajiunga na klabu iliyo kwenye orodha ya VicRoads, ofisi ya usajili wa vyombo Victoria, unalipa uanachama, ofisa wa klabu anatazama pikipiki na kusaini tamko la sifa. Unapeleka tamko, picha, RWC na uthibitisho wa umiliki. Unapewa daftari la siku 45 au 90 kwa mwaka.

Daftari hilo liheshimu sana. Jaza mstari wa siku hiyo kabla gurudumu halijatoka, kwa kalamu ya wino. Siku moja ni siku moja, ukienda mara tano ni mstari mmoja. Ndani ya mita 100 kutoka inapolala pikipiki huhitaji kujaza. Ukikamatwa na mstari mtupu, kisheria unaendesha chombo kisichosajiliwa. Na uanachama ukikwisha, kibali hakisimami peke yake.

Uzuri wa klabu kwa mtu mwenye kibati kilichopotea ni kwamba wale maofisa wanazijua hizi fremu. Ofisa aliyeshika XT nyingi anajua matundu ya ribiti yanakaa wapi na namba inagongwaje, na tamko lake lina uzito kuliko maelezo yako kaunta. Hata hivyo ofisa mwenye heshima yake hasaini motokrosi iliyofungwa taa jana, kwa hiyo usimpelekee RM250.

---

VumbiLaGippsland:

Asanteni sana, mmenifungua macho. Maswali mawili. Fremu ya XT nataka kuipuliza mchanga na kuipaka rangi ya unga: niifanye kabla au baada ya ukaguzi? Na RM250, hata huo usajili wa burudani ukitaka taa, umeme nitautoa wapi?

---

SpanaKumiNaMbili:

Rangi ifanye baada ya karatasi kukamilika, kama unaweza kusubiri. Kama huwezi, mwambie fundi wa rangi kwa maandishi: eneo la namba lizibwe wakati wa kupuliza mchanga, na lipakwe tabaka moja jembamba tu. Rangi ya unga ni nene, inajaza tarakimu, na namba isiyosomeka ni fremu isiyo na jina. Usigonge namba upya juu ya ile ya zamani kwa sababu yoyote ile. Kwa wale wenye vibati bado vimekaa, msivitoe. Vifunikeni kwa utepe wa kunata usioungua na muache ribiti zake. Na fremu isitumbukizwe kwenye asidi au kostiki kibati kikiwa juu yake, ile alumini inalika mpaka maandishi yanapotea.

RM250: stator yake, ile sehemu inayozalisha umeme, ni ya kiwashio tu, haina koili ya taa. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kununua stator yenye koili ya taa pamoja na flaiwili yake, vikiwa seti. Usichanganye stator ya modeli moja na flaiwili ya nyingine, sumaku na taimingi havilingani, na injini ya mipigo miwili ikiwaka mapema inatoboa pistoni. Ukishaweka koili, lazima uweke regulata ya AC, yaani kidhibiti cha volti, maana bila hiyo balbu inaungua mara ya kwanza unapofungua mafuta yote. Njia ya pili ni betri ndogo ya volti 12 na taa za LED bila kuchaji: unaichaji nyumbani, inakula umeme kidogo, nayo haigusi kiwashio. Kwa pikipiki inayosafirishwa kwa trela ningechukua hii ya pili. Injini inabaki ya asili, na ukitaka kuirudisha kwenye mashindano ya vinteji unafungua boliti nne.

---

MwanaPerth:

Naongeza kwa walio nje ya Victoria, wasije wakanakili kila kitu hapo juu. New South Wales mpango wao wa vyombo vya kihistoria unaanza miaka 30, si 25, na unataka pikipiki iwe karibu na asili yake. Mnapitia klabu vile vile, na tamko lao ni fomu 1259. Mhandisi wa kule ni wa mpango wa VSCCS, cheti cha VASS cha Victoria msikitegemee. Huku Australia Magharibi pikipiki isiyo ya barabara inasajiliwa chini ya Sheria ya Maeneo ya Nje ya Barabara ya 1978, na inatumika kwenye maeneo yaliyotangazwa tu, kama Pinjar, Lancelin na York. Ukitoka nje ya mpaka wa eneo, hata mita kumi za barabara ya vumbi, hauna usajili.

Na kwa anayefikiria kuagiza XT kutoka Marekani kwa kuwa bei inavutia: omba idhini ya kuingiza kupitia ROVER, mfumo wa mtandaoni wa serikali, kabla pikipiki haijapakiwa melini, si baada. Hiyo karatasi ya idhini ndiyo utakayoonyesha kila mahali panapoulizwa kibati, kwa hiyo itunze na nakala zake. Jambo linalowagharimu watu zaidi ni asbesto. Australia ilipiga marufuku kabisa kuingiza asbesto tangu mwisho wa 2003, na breki shuu za zamani, gasketi na sahani za klachi zinaweza kuwa nayo. Muuzaji abadilishe breki shuu na gasketi huko huko, akupe risiti za vipuri vipya na picha za kazi ikifanyika. Bila ushahidi, kontena linazuiwa, sampuli zinapelekwa maabara, na gharama zote ni zako pamoja na za bandari. Udongo nao utolewe wote: chini ya sahani ya kinga, ndani ya madigadi, kwenye spoki, na ndani ya mirija ya fremu iliyo wazi.

---

KaratasiKwanza:

VumbiLaGippsland, ukituma ombi kwa mtengenezaji weka picha zote tatu kwenye barua pepe moja na uandike namba ya fremu kwa maandishi pia, pamoja na kistari chake baada ya 1E6. Wakikosea tarakimu moja kwenye barua, irudishe irekebishwe kabla hujaenda popote nayo. Karani hataruhusiwa kuisahihisha kwa kalamu.